Kitabu cha moteri iliyokoma: kwa nini PDF uliyotumiwa huenda si ya gari lako

Jumamosi moja asubuhi, katika garaji moja ya Bel-Air hapa Lubumbashi, kijana mmoja alininyooshea simu yake akitabasamu. "Yaya, nilipata kitabu ya moteri. Angalia." Gari lake, Toyota Altezza ya rangi ya fedha iliyopita mpaka wa Kasumbalesa miezi michache nyuma, lilikuwa mbele yetu, boneti wazi. Kitabu chenyewe kilikuwa PDF ya kurasa zaidi ya elfu moja, alichouziwa kwa dola ishirini kupitia WhatsApp. Mzee mwenye garaji akapangusa mikono, akaichukua simu, akafungua kurasa tatu nne, kisha akainama juu ya moteri kama mtu anayehesabu mbuzi zizini.

"Mwana," akasema, "hii kitabu iko na silinda sita. Moteri yako iko na ine."

Tulicheka wote isipokuwa mwenye gari. Lakini aliyemuuzia hakumuuzia kitu bandia. Kitabu kilikuwa cha kweli, kimeandikwa na kiwanda chenyewe, na gari lililochorwa kwenye jalada lilifanana na lake kama pacha. Kosa lilianzia kwenye swali. Aliomba "kitabu cha Altezza", na jina hilo halitoshi kupata kitabu cha injini. Mkanganyiko huu nauona mara kwa mara tangu magari ya Kijapani yenye injini za mbio yaanze kuwavutia vijana wetu: Altezza, Mark II, Chaser, Subaru za turbo. Kwa hiyo tuufungue polepole.

"Kitabu" ni vitabu vingapi?

Tuanze na neno lenyewe. Fundi akisema "nahitaji kitabu cha hii moteri", anaweza kuwa anataka mojawapo ya vitu vitano tofauti, na kila kimoja kinapatikana mahali pake.

Kuna kitabu cha mwenye gari, kile kidogo kinachokaa ndani ya kasha la mbele ya abiria. Hicho ni kama kikaratasi kilichomo ndani ya boksi la dawa: kinakwambia unywe mara ngapi, hakikufundishi kupasua tumbo. Kitakupa aina ya mafuta, presha ya matairi, petroli inayotakiwa. Basi.

Kuna kitabu cha ukarabati. Hiki ndicho kitabu cha daktari wa upasuaji. Kinaeleza injini inavyofunguliwa na kufungwa, bolti ipi ianze, ikazwe kwa nguvu gani, pistoni ikilika kiasi gani itupwe. Watu wengi wakisema "kitabu" wanamaanisha hiki.

Kuna mchoro wa nyaya. Yeyote aliyewahi kujaribu kufuata waya wa umeme ulioungwa kutoka parseli (kiwanja) hadi parseli bila kujua nani aliunga nini, anaelewa kwa nini huu ni kitabu peke yake. Injini ya mwaka 1998 ina kompyuta, na waya mmoja wa sensa ukikatika unaweza kumfanya fundi abadilishe pampu, plagi (bujii, kama tunavyosema sisi) na koili bila kupata kitu.

Kuna kitabu cha maelezo ya modeli mpya, ambacho kiwanda kiliwaandikia mafundi wake gari lilipotoka: nini kimebadilika, mfumo huu mpya unafanya kazi vipi. Hakina hatua za kufungua, lakini kwa mtu anayetaka kuelewa, mara nyingine ni kitamu kuliko vyote. Na kuna katalogi ya vipuri, yenye picha za injini iliyotawanywa kipande kwa kipande na namba ya kila kipande. Nitairudia baadaye, kwa sababu watu wanaidharau bure.

Kwenye vitabu vya Toyota vilivyoandikwa kwa nchi za nje, namba ya jalada hukuonyesha ni kipi: RM ni cha ukarabati, EWD ni michoro ya nyaya, NCF ni maelezo ya modeli mpya. Ukiuziwa EWD wakati unataka kufungua silinda hedi (kichwa cha injini chenye valvu), umenunua ramani ya barabara ili upate mapishi.

Neno la pili ni "iliyokoma". Injini iliyokoma ni ile ambayo kiwanda hakitengenezi tena, haifungwi tena kwenye gari jipya lolote. Haina maana kwamba vipuri vyake vimekwisha, wala kwamba vitabu vimechomwa. Maana yake ni kwamba hakuna tena mtu mwenye sababu ya kibiashara ya kukuletea kitabu mlangoni. Kipo, lakini itabidi ukifuate.

Ilunga yupi?

Nenda Katuba saa kumi na moja jioni, simama katikati ya barabara, ita "Ilunga!" Watageuka watu kumi. Majina ya injini ndivyo yalivyo.

Altezza ya kijana wetu ni toleo la RS200, na injini yake inaitwa 3S-GE. Jina hilo lina mpangilio. Herufi S ni ukoo. Tatu ni namba ya mtoto ndani ya ukoo. G inasema silinda hedi yake ina kamshafti mbili (mihimili inayofungua valvu) na imetengenezwa kwa ajili ya nguvu, si kwa ajili ya kubana matumizi. Ingekuwa F, ingekuwa ndugu yake mpole wa kwendea kanisani. E inasema petroli inaingizwa kwa sindano zinazoongozwa na umeme. Ukiona T katikati, kama 1JZ-GTE ya Mark II na Chaser, hiyo ni turbo.

Sasa shida. Jina 3S-GE lilianza kutumika mwaka 1984 na likaendelea hadi Altezza ilipokoma mwaka 2005. Katika miaka hiyo ishirini na moja injini ilibadilika vizazi vitano. Ile ya Celica zilizouzwa Ulaya katika miaka ya 1990 haina mfumo wa kubadilisha majira ya kamshafti. Ile ya Altezza inao kwenye kamshafti zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Kwenye Celica injini imelala upande upande wa gari na kuvuta magurudumu ya mbele; kwenye Altezza imenyooka kutoka mbele kwenda nyuma na kusukuma magurudumu ya nyuma. Vipimo vya chumba cha silinda ni vile vile, milimita 86 kwa 86, ujazo wa sentimita za ujazo 1998. Lakini mgandamizo wa ile ya Altezza ni 11.5 kwa moja, na iliuzwa Japani ikiwa na nguvu za farasi 210 kwa gia za mkono. Hizo ni nguvu nyingi kwa lita mbili zisizo na turbo.

Kwa hiyo ukitafuta "kitabu cha 3S-GE", utakipata haraka sana, kwa Kiingereza, pengine kwa Kifaransa, na kitakuwa cha Celica. Hatua za kufunga mkanda wa taimingi (unaozungusha kamshafti) zilizomo ni za Ilunga mwingine.

Na kitabu cha silinda sita? Nje ya Japani, Altezza iliuzwa kwa jina la Lexus IS200. Gari ni lile lile kwa macho, milango ile ile, taa zile zile. Lakini Ulaya waliipata na injini ya 1G-FE, silinda sita, na Marekani waliipata kama IS300 yenye 2JZ-GE, silinda sita pia, lita tatu. Ile 3S-GE ya silinda nne yenye kamshafti mbili zinazobadilika haikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani. Kiwanda hakikuwa na sababu ya kuandika kitabu chake kwa Kiingereza au Kifaransa, maana hakuna fundi wa kampuni huko Brussels au Chicago aliyetarajiwa kuigusa.

Ndiyo maana nasema: kitabu hufuata injini pamoja na nchi ambamo injini hiyo iliuzwa. Hali ni hiyo hiyo kwa 1JZ-GTE, ya lita mbili na nusu, iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na turbo mbili na kubadilishwa mwaka 1996 ikawa na turbo moja kubwa na majira ya kamshafti yanayobadilika. Nayo iliuzwa Japani tu. Watu huishika kwa kitabu cha 2JZ, ambayo iliuzwa Marekani na ina vitabu tele vya Kiingereza. Kipenyo cha silinda ni sawa, milimita 86. Lakini pistoni ya 1JZ inasafiri milimita 71.5 na ya 2JZ inasafiri 86, kwa hiyo bloku ya 2JZ ni ndefu zaidi kwenda juu na mkanda wa taimingi si mmoja. Kitabu cha 2JZ kitakufundisha mengi kuhusu 1JZ, kama vile shemeji anavyoweza kukueleza tabia za mke wako. Kuna mambo hayajui.

Soma kibao kabla ya kusoma kitabu

Chini ya boneti kuna kibao kidogo cha chuma. Kina msimbo wa modeli, namba ya fremu, rangi, aina ya gia na ekseli, na kwa kawaida jina la injini na ujazo wake. Piga picha. Hiyo ndiyo kadi ya ubatizo ya gari lako.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya herufi na tarakimu 17 iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Yana namba fupi ya fremu: SXE10, kistari, halafu tarakimu. Nimewaona watu wakitetemeka kwa sababu tovuti ya vipuri imekataa namba yao na jirani amewaambia "basi hili gari ni la wizi". Si la wizi. Tovuti ile ilijengwa kwa magari ya soko lingine tu.

Herufi za mwanzo wa namba ya fremu zina siri nzuri. SXE10: S ni ukoo wa injini, kwa hiyo 3S. GXE10: G, kwa hiyo 1G ya silinda sita. Kijana wetu angetazama herufi moja tu angeokoa dola ishirini. Kwa Mark II na Chaser za 1996 kwenda mbele, GX100 ina 1G, JZX100 ina 1JZ, JZX101 ina 2JZ. Ila JZX100 haikuambii kama 1JZ hiyo ni ya turbo au la; hapo lazima usome msimbo wa modeli wote kwenye kibao. Vile vile mwulize aliyekusaidia forodhani akupe nakala ya cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Kinataja modeli, aina ya injini na tarehe gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Karatasi hiyo wengi wetu tunaiacha kwenye bahasha ya wakala na kuisahau.

Na kabla hujafanya chochote, fungua kasha la mbele. Wauzaji wetu wanatupa vile vijitabu vya Kijapani wakidhani ni uchafu. Mara nyingi kimojawapo ni daftari la matengenezo: tarehe na kilomita za kila huduma aliyofanya mwenye gari wa kwanza. Tazama pia vibandiko ndani ya boneti na karibu na kifuniko cha mkanda. Fundi wa Japani akibadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi yenye kilomita na tarehe. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu ya utawala wa mfalme wao: Heisei 10 ni 1998, Heisei 20 ni 2008. Kwa injini hizi mkanda huhesabiwa kilomita 100,000. Kwenye 3S-GE ya Altezza mkanda ukikatika pistoni hukutana na valvu, kwa hiyo kibandiko hicho kina thamani kuliko redio mpya.

Kinapatikana wapi basi

Njia ya kwanza ni kiwanda chenyewe. Toyota ina tovuti za taarifa za ufundi kwa Marekani na kwa Ulaya ambako mtu yeyote hulipa kwa muda mfupi na kusoma. Milango hiyo haikufunguliwa kwa ukarimu mtupu. Ulaya kanuni ya mwaka 2007, ambayo sharti lake sasa limo katika kanuni ya mwaka 2018, iliwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa nje taarifa za ukarabati, na Marekani jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya aina hiyo mwaka 2012. Lakini ndani utakuta magari yaliyouzwa huko. Kwa mwenye IS200 au 2JZ-GE hapo ni nyumbani. Kwa mwenye RS200, hapo utapata milango, madirisha, sehemu kubwa ya suspensheni. Injini, hapana. Ukichagua, chukua toleo la Uingereza, maana usukani wao uko kulia kama wa magari yetu mengi yanayotoka Dar es Salaam. Nyaya za kwenye dashibodi zitakuwa upande unaofanana.

Njia ya pili ni karatasi ya Kijapani. Toyota ilichapa vitabu vya ukarabati vya injini peke yake, na vilivyotumika bado vinauzwa kwenye minada ya mtandaoni ya Japani kupitia mawakala wanaokununulia na kukutumia. Kinachowashinda watu ni kutojua jina la kuandika. Jina la kutafuta ni エンジン修理書, yaani kitabu cha ukarabati wa injini, ukifuatisha na 3S-GE na SXE10. Michoro ya nyaya ni 配線図集. Maelezo ya modeli mpya ni 新型車解説書. Nakili maneno hayo kama yalivyo. Ukitafuta kwa Kiingereza utaishia kwenye kitabu kile kile cha silinda sita, safari hii kwa dola arobaini.

Njia ya tatu ni kazi za wapenzi wa magari. New Zealand, Australia na Uingereza wanaendesha upande wa kushoto na wamepokea magari haya ya Kijapani kwa wingi kwa miaka mingi, kwa hiyo kuna watu huko waliokaa usiku na usiku wakitafsiri kurasa za 1JZ na za 3S-GE. Kazi yao naiheshimu, na naitumia. Ila mtafsiri wa kujitolea anaweza kukosea tarakimu, na hana mhariri. Namba ya kukaza bolti niliyoiona mahali pamoja tu siikazi. Jambo jingine tuliseme wazi: PDF nyingi zinazozunguka WhatsApp ni nakala zisizo na ruhusa ya mwenye kitabu, na muuzaji anayezitoza pesa anauza mali isiyo yake. Ndiyo maana ukirudi kulalamika namba imezimwa.

Zile revue technique za Kifaransa ambazo wazee wetu wa garaji walijifunzia, zile za Peugeot na Renault zilizochakaa kwa grisi? Nazipenda sana. Ziliandikwa na watu waliolifungua gari wenyewe na kupiga picha. Lakini zilifuata magari yaliyouzwa Ufaransa, kwa hiyo kwa injini hii ni mlango uliofungwa.

Sasa katalogi ya vipuri. Hii inapatikana hata kwa magari ya soko la Japani, inatafutwa kwa namba ya fremu, na picha haihitaji lugha. Namba za Toyota zina sehemu mbili, na tarakimu tano za kwanza zinasema kipande ni nini: 13568 ni mkanda wa taimingi, 11115 ni gasketi ya silinda hedi, 90915 ni chujio la oili, 89661 ni kompyuta ya injini. Kwa hiyo mtu akikuambia "mkanda wa Celica unaingia kwenye Altezza", usibishane. Tafuta 13568 ya kila gari, linganisha tarakimu zinazofuata. Zikiwa sawa zote, anasema kweli. Zikitofautiana, mwombe aanze na gari lake. Na kama hujui kipande fulani kinakaa mbele au nyuma ya kingine, mchoro uliotawanywa utakuonyesha mpangilio. Nimewahi kumwona fundi akifunga pampu ya maji nzima kwa picha ya katalogi tu, na haikuvuja.

Kukisoma bila kujua Kijapani

Watu huogopa hapa, na wanaogopa kisichostahili. Tarakimu ni zile zile, picha ni zile zile, na kamera ya simu hutafsiri maandishi ya kuchapwa vizuri kiasi. Lakini kuna maneno manne nasisitiza uyatambue kwa macho, kwa sababu tafsiri ya simu huyachanganya. 締付トルク ni nguvu ya kukaza. 基準値 ni kipimo cha kawaida, kile cha kitu kipya. 限度 ni kikomo, kile ambacho kikipitwa kipande kinatupwa. 交換 ni kubadilisha. Ukichukua kikomo ukadhani ni kipimo cha kawaida, utafunga injini iliyochoka ukiamini ni nzima, nayo itakunywea oili kabla ya Krismasi.

Alama ya almasi nyeusi kwenye michoro ya Toyota ina maana moja: kipande hiki hakirudishwi kikishafunguliwa. Najua tunavyoishi. Najua gasketi inayopakwa silikoni na kurudishwa. Kitabu kinasema hapana, na mimi niko upande wa kitabu.

Halafu vipimo. Vitabu vya miaka ile huandika nguvu ya kukaza kwa namna mbili zikifuatana: nyutoni-mita, na kilo-sentimita kwenye mabano. Bolti za silinda hedi za 2JZ, kwa mfano, huanza na nyutoni-mita 34, ambazo ni kilo-sentimita 350. Ukichukua 350 ukaiweka kwenye spana ya kupimia iliyoandikwa nyutoni-mita, umekaza mara kumi. Bolti itakatika mkononi kabla hujafika. Na hizo 34 ni mwanzo tu: baada yake kila bolti huzungushwa nyuzi 90, halafu nyuzi 90 tena. Anayekumbuka namba moja kichwani bila hatua zinazofuata ameacha silinda hedi nusu wazi.

Lipo na jambo ambalo hakuna kitabu cha Kijapani kitakuambia kuhusu Lubumbashi. Sisi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kanieneo lake ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko pwani. Ukipima mgandamizo wa silinda, namba ya kitabu ni ya pwani. Kama kitabu kinataka kilo 12 kwa sentimita ya mraba, hapa ukipata kumi na kidogo injini haijafa. Huko Goma, kwenye mita kama 1,500, itakuwa chini zaidi. Kinachobaki vile vile kila mahali ni tofauti kati ya silinda na silinda: Toyota hutaka isizidi kilo moja kwa sentimita ya mraba. Silinda tatu zikitoa kumi na nusu na ya nne ikatoa saba, hapo usilaumu mwinuko.

Yanayosemwa garajini

"Fundi mzuri hahitaji kitabu." Hili nalisikia kwa sauti kubwa zaidi kutoka kwa mafundi wa wastani. Mzee wa Bel-Air, aliyefanya kazi kwenye karakana za kampuni ya madini ya Gécamines kabla ya kufungua garaji yake, husema kule kila mashine ilikuwa na kabati lake la vitabu, na aliyefungua bila kutazama aliitwa ofisini. Mikono yake inajua kwa kugusa kama beringi imekwisha. Nafasi ya valvu ya injini ambayo hajawahi kuiona, mikono haiwezi kuijua.

"Skana inatosha." Skana husoma malalamiko ya kompyuta, haisomi uchakavu wa chuma. Tena kifaa cha bei nafuu cha kuunganisha na simu mara nyingi hakielewani na magari ya soko la Japani ya miaka hiyo. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule kuna kisanduku cha uchunguzi chenye matundu ya kuunganishia, chini ya boneti. Unaunganisha matundu yenye alama TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa ya injini inamweka-mweka, unahesabu. Maana ya hesabu hiyo iko wapi? Kitabuni.

"Uliza simu, itakujibu." Itajibu, ndiyo. Nilijaribu. Niliuliza nguvu ya kukaza ya 3S-GE nikapewa namba nzuri, kwa lugha nzuri, bila kuambiwa ni ya kizazi gani kati ya vitano.

Kijana wa Altezza hakukitupa kitabu chake cha silinda sita. Alikitumia kubadilisha bushi za mbele, na zilikaa. Kwa injini alinunua kitabu cha karatasi kutoka Japani, chembamba kuliko alivyotarajia, kikaja kimefungwa kwenye plastiki na kina alama ya kidole cheusi cha fundi fulani wa huko kwenye ukurasa wa mkanda wa taimingi. Mzee aliiangalia alama ile kwa muda, akaweka kidole chake pembeni yake kupima ukubwa, kisha akaanza kufungua bolti za kifuniko.